Mahali Pasipofagiwa

Kitu kikikosa jina, kinabaki kuwa kitu au kinakuwa takataka? Swali ndilo hilo. Nimelizungusha kichwani mpaka limelainika kama kokwa la embe lililonyonywa na watoto watatu, na bado sijapata jibu. Nikisema kinabaki kuwa kitu, basi mimi sikufanya kosa kubwa, nilinyamaza tu, na anayenyamaza watu wanamsamehe. Nikisema kinakuwa takataka, basi nilimtupa mama yangu kwa neno moja, mchana kweupe, na wala sikutumia nguvu.

Watu wanasema mimi nina haya. Walimu wanasema, majirani wanasema, mtoto huyu ana haya sana, hata kwenda chooni anaomba kwa macho. Wanasema kama sifa. Lakini haya ni nguo, mtu akiivaa anapendeza. Aibu ni kuvuliwa. Mimi niliivaa haya juu ya aibu, watu wakasifu nguo.

Mji wetu wenyewe hauna jina, kwa sababu majina yote uliyagawa. Kila kilichomo kina kibao. Mti una kibao, benchi lina kibao, bomba la maji lina kibao, hata mbwa. Watu wazima wanavaa kibao kifuani, kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, na herufi zake hazikuchorwa wala kuchongwa, zimekaa tu zenyewe juu yake, kama nzi wanavyokaa juu ya kitu wanachokipenda. Mwanaume kibao chake kina jina lake. Mwanamke aliyezaa kina jina la mtoto wake: Mama fulani. Lile jina lake la zamani linakauka siku ya kujifungua, linadondoka, na hakuna anayeliokota. Sisi wanafunzi hatuvai kibao mpaka tumalize shule. Tunavaa sare, na kila mmoja anajitaja anavyotaka. Mimi shuleni nilijitaja Dani. Nyumbani ni Sikudhani. Jina nililikata kama wenzangu wanavyokata sketi, lisinifike magotini.

Kifuani kwa mama palikaa herufi hizi: MAMA SIKUDHANI. Mama hajui kusoma. Alijua tu kwamba zipo, kwa sababu watu walimtazama kifuani kwanza, ndipo wakamwita.

Mama ni mfagizi wa bustani ya mji. Nilikuwa nikiulizwa bwenini mama yako anafanya kazi gani nasema yuko idara ya mazingira. Si uongo. Ndiyo uongo mbaya ule, usio uongo.

Bustani iko katikati ya mji na ina pande mbili. Mbele kuna majani mafupi yaliyonyolewa na maua yaliyotoka mbali, yamepangwa mistari kama sisi tukiwa gwaride, na huko saa ya mnara inakwenda sawasawa. Nyuma kuna kamba ya katani. Ukiivuka unaingia Sehemu, watu wanaita hivyo tu, Sehemu, na humo hakuna mstari. Kuna mifuru na mitopetope na mikwakwa, vichaka, nyasi zinazofika kiunoni, na majani makavu yamelala juu ya majani makavu mengine mpaka ardhi huioni. Ni vitu vilivyokuwa hapa kabla mji haujaja kujikalisha. Saa ya mnara ikipigwa, humo ndani husikii. Ukivuka kamba unaweza kukuta ni juzi. Unaweza kukuta ni masika wakati mgongo wako, uliobaki upande wa pili, bado unachomwa na jua la kiangazi.

Siku darasa letu lilipopelekwa, mimi nilivuka kamba nikajikuta mgongoni. Nasema kweli. Miguu yangu ilikuwa chini na viatu vyeusi, lakini mimi nilikuwa mgongoni, nimefungwa kwa kanga, shavu limelala kwenye jasho la mtu, na chini yangu fagio la chelewa linakwenda: shaa, shaa, shaa. Kila akiinama nainama. Akinyooka nanyooka. Wakati ule hatukuwa wawili. Nilitaka kubaki hapo. Halafu Mwalimu Lukindo, anayetufundisha sayansi, akasema wa nyuma songeni, nikashuka mgongoni nikarudi kwenye sare yangu.

Aliyetupokea ni Bwana Ndimbo, mtunzaji wa Sehemu. Ni mwembamba, anavua viatu kabla ya kuvuka kamba kama anaingia msikitini, na akitembea anatanguliza vidole ndipo kisigino. Alituchutamisha mahali fulani, akafunua majani makavu mawili kwa ncha za kucha. Chini yake palikuwa na kijiti kirefu kama kidole cha mtoto, kina vijani vinne.

"Mpingo," alisema. "Mbegu nilizileta mwenyewe nikazimwaga ovyo, kama upepo unavyomwaga. Nimewangoja hawa masika tatu. Wako kumi na saba. Majani haya ndiyo blanketi lao, ukiwafunua tu, jua linawamaliza."

"Mbona wako kama magugu, Bwana?" mvulana mmoja akauliza.

"Gugu ni nini?"

"Mmea usiotakiwa."

"Na nani alikuuliza kama unautaka?" Tukacheka, hata mvulana mwenyewe. "Gugu ni mmea ambao aliyeukuta hakuwa na subira ya kuuliza jina. Hawa wameuliziwa. Bado kuwekewa vibao tu, nangoja wafike magotini."

Tukatoka. Wenzetu walitangulia kwenda kununua mihogo ya kukaanga, mimi na rafiki yangu Ruzuna tukabaki nyuma kwa sababu kiatu chake kilikuwa kinamla kidole. Ruzuna ni mtu wa utani, baba yake ana duka la vitambaa, na tangu kidato cha kwanza analala kitanda cha juu yangu. Palepale kwenye kamba, mbele ya bango kubwa, alisimama mama, fagio limeegemea bega.

Huwa anafagia upande wa mbele, nyuma hakuwa amewahi kutumwa. Sikujua kwamba siku ile nyapara wao, Mkwanda, alimhamishia nyuma kwa sababu mwenzake anayefagia njia ya kando ya kamba alifiwa. Alimwambia tu, nenda kule kapashike. Hakumwambia zaidi, maana bango lipo.

"Shikamoo mama," Ruzuna akasema. Ana adabu, hata akitaka kukutania anaanza na shikamoo.

"Marahaba wanangu. Hebu nisomeeni hapa. Macho yangu leo yana ukungu."

Macho ya mama yanaona sindano kwenye mchanga. Alinitazama mimi. Hakuniita jina, na najua kwa nini. Mwaka uliopita, siku ya wazazi, nilimwambia asije, nikasema wazazi hawatakuwa wengi, akasema haya, akajifanya ana homa ili nisione vibaya. Kwa hiyo pale kwenye kamba aliniachia nafasi. Angeweza kusema Sikudhani. Alisema wanangu, kama mtu mzima yeyote anavyomwita mtoto yeyote, akanitazama, akangoja niamue mimi.

Ruzuna akanisukuma kwa kiwiko. "Dani, mbona huyu mama anakutumbulia macho hivyo? Unamjua?"

"Simjui."

Nililisema taratibu, sauti yangu ni ndogo siku zote. Lakini vibao vina masikio. Nikaziona herufi kifuani kwa mama zikitikisika, ya mwisho ikaachia, ikafuata ya pembeni yake, zikashuka moja moja kwenye kanga kama siafu wanaohama, zikapita mguuni, zikaingia kwenye nyasi. Kibao kikabaki kitupu. Mbao tu, na alama za jasho. Na yeye asiyejua kusoma hakuona kitu.

"Pameandikwa hivi, mama," Ruzuna akasema, akafuata herufi kwa kidole kama mwalimu wa chekechea. "Usafi ni ustaarabu. Fagia mpaka udongo ucheke."

Bango liliandikwa: HAPA HAPAFAGIWI. ACHENI MAJANI YALALE.

Nilicheka. Si sana, kwa pua tu. Mama naye akacheka, kwa sababu watoto wanacheka.

"Kumbe. Na mimi najiuliza, mbona wamepaacha kama nyumba ya watu waliohama. Asanteni wanangu. Msome sana."

Tukaenda kula mihogo.

Niseme hapa kitu kuhusu kufagia, maana mtu anaweza kudhani mama yangu ni mjinga. Kwetu uwanja unafagiwa kabla hujanawa uso. Uwanja wenye majani ni uwanja wa mgonjwa, au wa mvivu, au wa mtu aliyekufa na hawajajua bado. Mgeni akija akaukuta umefagiwa, mistari ya fagio imelala upande mmoja kama ukili wa mkeka, anajua humu kuna watu. Mama alinifundisha kusoma mistari ile kabla sijajua a, e, i. Alikuwa akiuona uwanja wa mtu anakwambia mwenye nyumba huyu leo ana hasira, au huyu amefagia huku anawaza safari. Kwa hiyo mama anasoma. Ila mji huu hauandiki kwa maandishi yake.

Siku sita.

Nilikuwa na siku sita za kwenda kumwambia. Kutoka bwenini hadi kwenye kamba ni hatua mia tatu na kitu. Nilizihesabu zote nimelala, sikutembea hata moja.

Siku ya kwanza nilisema, atamuuliza mtu mwingine.

Siku ya pili nilisema, Ruzuna ndiye aliyesema, aende yeye.

Siku ya tatu nilimwambia Ruzuna, "Yule mama wa fagio, unadhani aliamini?" Akasema, "Mama yupi?" Alikuwa amesahau. Hakunitania, alisahau kweli, alikumbuka bango na kicheko lakini mahali alipokuwa mama palikuwa wazi. Hapo nikaelewa kwamba neno langu linaenea.

Siku ya nne nilimsikia. Upepo ulitoka upande wa nyuma. Shaa, shaa, shaa. Nilijifunika mto.

Nani ananiona? Hakuna. Mbona basi nimejifunika?

Ningeenda, ningesema nini? Ningesema mama, pale pameandikwa usifagie. Angesema, wewe si ulikuwepo? Neno hilo ndilo nililoogopa. Sikuogopa hasira yake, mama hana hasira ya kudumu. Niliogopa kwamba hatalisema. Angesema tu, asante mwanangu.

Siku ya tano sikumbuki. Siku ya sita ilikuwa ndefu, ilikaa mlangoni.

Juma lililofuata tulirudi bustanini kuchora mimea. Tukafika kwenye kamba, tukasimama. Jambo la kwanza tulilosema wote, na nataka hili lijulikane, ni kwamba pamependeza. Mwalimu Lukindo mwenyewe alisema, "Haa, leo pamependeza." Chini palikuwa pekundu, safi, udongo mtupu kutoka shina hadi shina, na mistari ya fagio imezunguka kila mti duara duara, ikakutana katikati kama mawimbi madogo. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Niliisoma. Mwandishi wake alifagia kwa furaha. Alifagia kama mtu anayewatarajia wageni anaowapenda.

Na humo ndani saa ya mnara ilisikika. Ikapiga nne. Mgongoni kwa mtu hapakuwepo tena.

Bwana Ndimbo, aliyekuwa safarini juma lile lote, alikuja na viatu vyake mkononi. Alivuka kamba, akatembea vidole kwanza, ingawa hapakuwa na cha kuogopa kukikanyaga tena. Akapiga magoti. Alitafuta kwa viganja, kama mtu aliyedondosha pete. Akapata kijiti kimoja, kimekauka, akakiweka kwenye mfuko wa shati. Hakupata cha pili.

"Nani?" akauliza.

Nyapara Mkwanda alimleta mama. Mama aliitika mapema, alikuwa anatabasamu bado, alidhani anaitwa kusifiwa. Alipoona magoti ya Bwana Ndimbo yalivyo mekundu, tabasamu likamshuka polepole.

"Ni huyu," Mkwanda akasema. "Mfanyakazi wangu mzuri sana, huyu ni..." Akamtazama kifuani. Akajaribu tena. "Huyu anaitwa... Nimefanya naye kazi miaka tisa jamani. Huyu si ni mama... mama nani wewe?"

Mama akafungua mdomo ajibu, na hakuna kilichotoka. Akashika kibao. Akakipapasa kwa kidole gumba, upande hadi upande. Kwa mara ya kwanza akajua kwamba ni kitupu. Hakunitazama. Alitazama kila mtu pale, mmoja mmoja, akaniruka.

Bwana Ndimbo akainuka. Sura yake haikuwa na chuki, ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alisema sheria ya Sehemu kila mtu anaijua. Aliyeiharibu, kama ana jina, ana mahali. Anabaki, na yule aliyempa jina hilo anaacha alichokuwa akifanya, anakuja kumwagilia naye mpaka miche irudi pale ilipokuwa. Masika tatu. Kama hana jina, anatolewa kama gugu linavyotolewa, nje ya ukuta wa mji, na harudi.

"Nani anamjua huyu?" akauliza. "Ajitokeze."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Neno moja, na mama anabaki. Neno hilohilo, na mimi navua sare, nakaa masika tatu na ndoo mbele ya wenzangu, wakipita wanaenda darasani, wananiona, wanasema kumbe. Sikuwaza masomo, nisijipambe. Niliwaza kumbe. Niliisikia inavyotamkwa na Ruzuna, anavyoivuta mwishoni.

Mwalimu Lukindo akasema, "Mama, kwani bango hukuliona?"

"Nililiona," mama akasema.

"Mbona ukafagia?"

Ruzuna pembeni yangu aligeuka akalitazama bango. Alikuwa amekumbuka.

"Sijui kusoma, mwalimu. Na sikumuuliza mtu. Nilisema watoto wa shule wanakuja, wasikanyage uchafu."

Sikumuuliza mtu. Alilisema wazi, akatulia, kama mtu anayefunga mlango ili kelele za nje zisimsumbue aliyelala ndani.

Mkwanda akamshika mkono. Wakaanza kutembea kuelekea upande wa ukuta. Mama alipita kando, hakukanyaga mistari ya fagio, sijui kwa nini bado aliitunza.

"Ni mama yangu," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yangu ni ndogo. Ningeweza kuiacha hapo, ningejiambia maisha yangu yote kwamba nilisema. Kuna nafsi ndani yangu iliyofurahi kwamba hakuna aliyesikia, naijua, inakaa karibu na koo. Walifika kwenye mfuru. Walipita mfuru.

"Ni mama yangu. Mama Sikudhani. Mimi ndiye Sikudhani." Safari hii ilitoka kubwa, ikapasuka katikati, watu wakageuka. Ruzuna akanitazama kama anajaribu kusoma mwandiko mbaya. Mkwanda akasimama, na juu ya kibao cha mama nikaona kitu cheusi kinapanda kutoka kwenye pindo la kanga, herufi ya kwanza, inatambaa, inatafuta mahali pake.

Bwana Ndimbo akamgeukia mama. "Huyu mtoto anasema ni wako."

Mama alikuja. Alirudi hatua zote zile, taratibu, akasimama mbele yangu, karibu mpaka nikasikia harufu ya mafuta ya nazi na vumbi. Alinitazama sare. Alianzia kwenye kola, akashuka kwenye vifungo, akafika kwenye sketi niliyoikata, akarudi juu. Nilimnyooshea mkono. Hakuushika. Kisha akajipangusa kifua kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayefuta chenga za mkate, na kile cheusi kikaanguka.

"Hapana," akamwambia Bwana Ndimbo. "Huyu simfahamu. Mimi sikujaliwa mtoto."

"Mama," nikasema.

"Kila mtu mzima wanamwita mama, ndivyo walivyofunzwa. Ni mtoto mwenye huruma." Akamgeukia Mwalimu Lukindo, sauti yake ya kawaida kabisa, sauti ya mpita njia. "Mwalimu, mpeleke kivulini. Jua limempiga kichwani, unaona macho yake. Mpeni maji."

Akaondoka na Mkwanda. Alitembea mbele, Mkwanda nyuma.

Darasa zima likashusha pumzi. Wasichana wawili walinishika mabega, wakanikalisha chini ya mti, wakanipepea kwa madaftari. Mtu akasema pole Dani, mimi pia jua hili limenichosha. Ruzuna alifungua chupa yake, akanipa.

Nikanywa. Nilikunywa maji yote.